Pumzi ngapi, miguu ngapi

Siku ya tano baada ya upasuaji nilitaka kwenda msalani peke yangu. Mrija wa kifuani ulikuwa umetolewa asubuhi ile, kidonda kilikuwa kikavu, na daktari alikuwa amepita akasema pafu lililobaki limejaa hewa vizuri. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikateremsha miguu, nikasubiri kizunguzungu kiishe, kisha nikajiinua. Mwili haukuondoka kitandani. Sikuwa na maumivu makali wakati ule, wala pumzi haikuwa imenikata. Mapaja tu hayakuitika. Nikajaribu tena kwa kujisukuma na mikono, bega la kulia likanichoma, nikaketi. Nikamwita muuguzi.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimepanda ngazi za hospitali hiyohiyo nikiwa nimebeba begi langu mwenyewe.

Naandika kwa ajili ya mtu aliye kwenye ukingo wa kitanda kile, na hasa kwa ndugu zake waliomzunguka. Kabla ya upasuaji niliuliza maswali mengi kuhusu pafu. Kuhusu misuli sikuuliza hata moja, na misuli ndiyo iliyonichukua karibu mwaka mzima.

Nilikuwa na miaka 61, na bado nafundisha hesabu. Uvimbe wa saratani ulikutwa katika sehemu ya juu ya pafu la kulia. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto lina mbili, na daktari alisema ataondoa ile moja yenye uvimbe pamoja na tezi zilizo karibu nayo. Nikajipigia hesabu: moja kati ya tano, ingawa hazilingani ukubwa. Kwa wagonjwa wengi siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa matundu madogo na kamera, lakini uvimbe wangu ulikuwa umekaribia mshipa mkubwa wa damu, kwa hiyo ilibidi wafungue ubavu. Nilikubali. Nilichokuwa nakiogopa ni kubaki na pumzi fupi maisha yangu yote.

Kuna jambo lilikuwa limeshatokea kabla, nalo lilinipita. Katika miezi mitano ya kukohoa na kuzungushwa kwenye vipimo, uzito wangu ulishuka kutoka kilo 74 hadi 70. Watu walinipongeza kwamba kitambi kimeisha na narudi ujanani, nami nilifurahi. Baadaye sana ndipo nikasoma kwamba mwaka 2011 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikubaliana juu ya kipimo: mgonjwa wa saratani akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 bila kukusudia, hali hiyo ihesabiwe kuwa ni kunyauka kwa mwili kunakoletwa na ugonjwa, wanakokuita kakeksia. Si kukonda kwa njaa. Saratani huuamsha mwili kana kwamba unapigana vita isiyokwisha, na katika vita hiyo misuli huvunjwa hata kama mtu anakula. Kilo 4 kati ya 74 ni asilimia 5.4. Hesabu hiyo ningeweza kuipiga bila karatasi, na hakuna aliyeniambia kwamba inafaa kupigwa. Kama unasubiri upasuaji na nguo zimeanza kukulegea, mwambie daktari siku hiyohiyo, usingoje aulize. Wiki chache za kula vizuri na kufanya mazoezi kabla ya kisu ni akiba, na mimi niliingia bila akiba.

Kisha upasuaji wenyewe. Kidonda kikubwa huufanya mwili utafute malighafi ya kujitengeneza, na malighafi hiyo huchotwa kwenye misuli. Kisha kitanda. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya watu wazima wenye afya, waliopita miaka 60, waliokubali kulala kitandani siku 10 mfululizo. Hawakuwa wagonjwa wala hawakupasuliwa, walilala tu. Kwa wastani walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Nilipousoma nilielewa kile kilichonipata ukingoni mwa kitanda. Misuli yangu ilikuwa imepigwa mara tatu: na ugonjwa, na kisu, na godoro.

Nilipopimwa siku ya kuruhusiwa, mizani ilisoma kilo 65.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hakuna aliyefanya kosa kwa nia mbaya.

Nyumbani nilipokewa kama mgeni wa heshima. Mke wangu alikuwa ameandaa kiti kirefu chenye mito, na kila nilichokihitaji amekiweka karibu na mkono wangu wa kushoto: maji, dawa, miwani, redio. Binti yangu alihamia kwetu kwa mwezi mmoja. Nikigeuza kichwa tu, mtu anauliza nataka nini. Mjukuu wangu alikuwa na kazi yake ya kunivisha soksi, na aliilinda kazi hiyo kwa wivu. Wageni walikuja na kila mmoja alikuwa na neno lilelile: pumzika, usijichoshe, mwili upate nafuu. Siku moja shemeji yangu alinikuta nimesimama dirishani, akamgombeza dada yake mbele yangu kwamba hanitunzi. Tangu siku hiyo mke wangu aliniomba nisisimame kukiwa na wageni.

Nami nilitii, tena nilitii kwa kupenda. Kifua kilikuwa kimefunguliwa. Mbavu zilikuwa zimetanuliwa kwa chuma. Ngozi chini ya titi la kulia ilikuwa na ganzi, na papo hapo ilichoma ikiguswa na fulana, jambo ambalo sikudhani linaweza kutokea pamoja. Baadaye nilielezwa kwamba mishipa ya fahamu hupita chini ya kila ubavu, na mbavu zikitanuliwa hubanwa au kuchubuka. Hata tumbo upande ule lilikuwa limetokeza kidogo, kwa sababu mishipa hiyohiyo ndiyo inayoamrisha misuli ya tumbo. Mtu mwenye kifua cha namna hiyo akiambiwa alale, analala. Wiki nne zikapita. Nilikuwa nainuka kitini mara sita au saba kwa siku, na karibu kila mara kulikuwa na mkono wa mtu kwapani mwangu.

Kingine nilichokifanya, na najuta zaidi kwa hili, ni kuzikwepa dawa za maumivu. Nilijiona mvumilivu. Nilisema zile kali ni za hospitalini, nyumbani nitastahimili. Basi kwa sababu ya maumivu sikukohoa sawasawa, sikuvuta pumzi mpaka chini, na mkono wa kulia niliubana ubavuni kutwa nzima kama uliofungwa bandeji. Kile kifaa cha mipira mitatu cha kuvutia pumzi nilichopewa hospitalini kilikaa juu ya kabati.

Wiki ya tano nilikwenda kliniki. Daktari alitazama picha ya kifua akaridhika, akatazama kidonda akaridhika, kisha akaniomba nipande kwenye kitanda cha uchunguzi. Akaniona nilivyopanda. Hakusema kitu, aliandika karatasi akanituma chumba cha fiziotherapia, mwisho wa ujia.

Mtaalamu wa pale alikuwa dada wa rika la binti yangu. Alisoma faili, akajua kazi yangu, na tangu dakika hiyo akaniita mwalimu. Alinipeleka kwenye ujia mrefu uliowekwa alama kwenye sakafu, akaniwekea kidoleni kipima oksijeni, akasema nitembee dakika sita kwa mwendo wangu, nikichoka nisimame, nikiweza niendelee. Dakika ya nne niliegemea ukuta. Zilipotimia sita nilikuwa nimefika mita 265.

Akaniuliza: "Mwalimu, kutoka sifuri hadi kumi, pumzi ngapi?"

Kipimo hicho cha sifuri hadi kumi kilibuniwa na Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi. Sifuri maana yake husikii uzito wowote, kumi ni mwisho wa uwezo wako. Nilijisikiliza, nikasema nne.

"Na miguu ngapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu miguu. Nilijisikiliza tena. Mapaja yalikuwa yanatetemeka, mashavu ya miguu yalikuwa yamekaza kama kamba.

"Saba," nikasema. "Labda nane."

Akaandika, akaniketisha. Kisha akauliza polepole, kama mimi ninavyomuuliza mwanafunzi aliyeshapata jibu lakini bado hajaliona: "Sasa pale dakika ya nne, kilichokusimamisha ni nini?"

Nilinyamaza. Wiki tano nzima nilikuwa nawaambia watu kwamba pumzi ndiyo inayonishinda.

Alinieleza, na nimekuja kulisoma jambo hili mara nyingi tangu hapo kwa sababu lilinigusa. Msuli ulionyauka hautumii oksijeni vizuri. Ukipewa kazi ndogo tu huanza kutengeneza asidi mapema, na damu ikianza kuwa na asidi, ubongo huamuru pumzi iongezeke ili kuiondoa. Kwa hiyo mtu anahema, anaogopa, anakaa chini. Na kwa kuwa kifua ndicho kilichopasuliwa, kila mtu analilaumu pafu. Akikaa chini, msuli unazidi kunyauka, na kesho yake anahema kwa hatua chache zaidi. "Pafu tulilolikata halioti tena," alisema. "Lililobaki litatanuka lijaze nafasi, na ndani ya miezi mitatu hadi sita utaona tofauti. Hilo halikuhitaji ulifanyie kazi kubwa. Miguu ndiyo inayokuhitaji."

Akaniwekea kiti kisicho na mikono, akaniambia nikunje mikono kifuani, niinuke na kuketi mara nyingi niwezavyo kwa sekunde 30. Nilifika sita. Kwa mwanamume wa miaka 60 hadi 64, chini ya 14 huhesabiwa kuwa ni pungufu ya wastani.

Mke wangu alikuwa ameketi pembeni na mkoba wangu mapajani. Yule dada akamgeukia kwa heshima kubwa. "Mama, umemtunza vizuri, kidonda chake kinasema. Sasa nakuomba umsaidie kwa namna nyingine. Glasi ya maji aifuate mwenyewe."

Njiani kurudi mke wangu hakusema neno. Nilijua alichokuwa anakifikiri: kwamba ameambiwa apunguze upendo. Kwake kunihudumia ndiko kulikokuwa kunamwezesha kulala usiku tangu siku ile tulipotajiwa jina la ugonjwa. Tulipofika nyumbani alichukua jagi la maji, akalipeleka meza ya upande wa pili wa sebule, akarudi akaketi. Niliposikia kiu nikajiinua. Alinitazama mwanzo hadi mwisho, vidole vyake vimefumbatana, na hakuinuka. Katika yote aliyonifanyia mwaka ule, hilo la kubaki kitini ndilo nalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote, na nilimwambia hivyo.

Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo kiasi cha kunitia shaka. Kuinuka kitini mara tano, kupumzika dakika mbili, tena tano, tena tano, basi. Siku moja nafanya, siku inayofuata naacha, kwa kuwa msuli hujengeka wakati wa mapumziko, baada ya kuchoshwa. Mwanzoni kiti kiliwekewa mto ili kiwe juu. Wiki tatu baadaye mto ukatolewa. Baada ya hapo nikaanza kushuka taratibu nikihesabu hadi nne, maana kushuka polepole ndiko kunakochosha paja zaidi. Mwisho nikawa nainuka nikiwa nimekumbatia mfuko wa vitabu. Mantiki yake naipenda: kila kazi inapokuwa rahisi, inaongezwa kidogo. Ukiendelea na ileile miezi sita, msuli hauna sababu ya kubadilika.

Alinifundisha pia jambo ambalo ningetamani lingefundishwa wodini. Nilikuwa nabana pumzi kila ninapoinuka, bila kujua. Vuta pumzi ukiwa umeketi, alisema, kisha itoe ukiwa unainuka, midomo imekunjwa kama unayepuliza mshumaa taratibu. Siku hiyohiyo kuinuka kukapungua uzito. Ngazi vilevile: kupanda huku unatoa pumzi. Kila siku nilitembea, mwanzo dakika tano mara tatu, kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Dawa za maumivu nikazirudia kwa idhini ya daktari, nusu saa kabla ya mazoezi. Na kile kifaa cha mipira mitatu kikashuka kutoka kabatini.

Bega lilikuwa na hadithi yake. Kuna msuli mpana unaoanzia kiunoni, ukapanda mgongoni mpaka kushika juu ya mkono. Ndio unaotumika kuvuta kitu chini au kujiinua kwa mikono. Kwenye upasuaji wa kufungua ubavu kama wangu msuli huo hukatwa, kisha hushonwa. Mimi niliulaza ubavuni wiki tano. Mkono wa kulia ulikuwa hauvuki usawa wa jicho, na mimi ni mwalimu ninayeandika ubaoni kwa mkono wa kulia. Dawa yake ilikuwa ukuta. Nasimama nikiuelekea, navipandisha vidole juu ya ukuta kama buibui, nikifika mwisho nasimama hapo nahesabu hadi kumi, kisha naweka alama ya penseli na tarehe. Asubuhi na jioni. Alama zile bado zipo, na kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna sentimita 41. Kuna wiki mbili nzima ambazo alama zimepandana mahali pamoja, na ninazitaja hizo kwa makusudi. Niliambiwa pia nilitazame kombe la bega kwenye kioo, maana likitokeza mgongoni kama bawa ni dalili ya mshipa wa fahamu ulioguswa, na hilo lina matibabu yake. Langu halikutokeza. Mazoezi haya ya bega nilipaswa kuyaanza siku ya pili baada ya upasuaji, na karatasi niliyopewa wodini ilisema hivyohivyo. Sikuisoma.

Sasa chakula. Nilikuwa nadhani nakula vizuri kwa sababu nilikuwa nakunywa supu nyingi. Supu ni maji yenye ladha. Msuli haujengwi kwayo. Mtaalamu wa lishe alinipa hesabu niliyoweza kuifanyia kazi: kwa mgonjwa kama mimi, gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mradi figo ziwe nzima, na zangu zilipimwa kwanza. Kwa kilo 64 nilizokuwa nazo, hiyo ni kati ya gramu 77 na 96. Yai moja lina gramu kama 6. Glasi ya maziwa ina 8. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kina zaidi ya 20, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Nilijumlisha nilichokula jana yake nikapata 38.

Nilikuwa sina hamu ya kula, na mtu asiye na hamu hawezi kula mara mbili ya anachokula. Kilichowezekana ni kubadilisha mpangilio. Protini inaliwa kwanza sahani ikiwa bado inavutia, wanga baadaye. Milo mitatu ikawa sita midogo. Supu ikawekewa mayai au maharage ya kupondwa. Na glasi ya maziwa nilikunywa mara baada ya zile kuinuka kitini, kwa kuwa wakati ule tumbo lilikuwa likikubali. Mke wangu ndiye aliyeshika daftari la gramu. Nadhani ile huduma aliyonyang'anywa sebuleni aliipata tena jikoni.

Wiki ya nane nilianza tibakemikali, dripu nne, moja kila wiki tatu. Sitaieleza sana kwa kuwa kila mtu huipitia kivyake. Kwangu mimi kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma, na yote niliyokuwa nimeyajenga yakaanza kubomoka. Kwenye kiti nilikuwa nimefika 10. Baada ya dripu ya pili nikarudi 7. Nililia, na nilimwambia yule dada kwamba sioni maana. Hakunishauri nijikaze. Alipunguza. Siku nne za kwanza baada ya dripu, kazi yangu ilikuwa moja tu: kila saa niliyo macho, niinuke kitini mara mbili. "Hatujengi sasa, mwalimu," alisema. "Tunazuia lisianguke."

Usiku mmoja katika kipindi hicho nilisoma habari za Evarts Graham, daktari wa upasuaji wa Marekani. Mwaka 1933, mjini St. Louis, alimwondolea mgonjwa pafu zima la kushoto kwa sababu ya saratani, katika upasuaji mmoja, na mgonjwa akapona. Ndio wa kwanza wa namna hiyo kufanikiwa. Mgonjwa mwenyewe, James Gilmore, alikuwa daktari. Alirudi kazini na akaishi miaka 30 hivi akiwa na pafu moja. Graham alifariki mwaka 1957 kwa saratani ya mapafu, na mgonjwa wake alikuwa bado hai. Nilihesabu: yeye alibaki na sehemu tatu kati ya tano, mimi nne. Nilishika mikono ya kiti nikainuka mara mbili, saa nane ya usiku.

Nilipomaliza dripu ya nne nilishikwa na haraka. Mwezi mmoja baadaye nilijisikia vizuri asubuhi moja, nikasaidia kusogeza meza nzito darasani. Siku tisa sikuweza kulala kwa ubavu wa kulia. Sikuwa nimechana kitu, ila mishipa ya fahamu iliyokuwa inaanza kutulia iliamka yote. Tangu hapo nina kipimo: maumivu ya mazoezi yakiisha kesho yake, nilifanya sawa; yakifika siku ya tatu, nilizidisha. Nilipewa pia orodha ya mambo yasiyosubiri kesho, niliibandika mlangoni na naomba kila nyumba iwe nayo: kukosa pumzi kwa ghafla, maumivu mapya makali ya kifua, kukohoa damu, homa, na mguu mmoja kuvimba shavu na kuuma, maana hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Hapo hakuna mazoezi, ni hospitali.

Mwezi wa nane baada ya upasuaji mizani ilisoma kilo 70. Nyumba nzima ilifurahi. Nilikwenda kliniki nikiwa na furaha hiyo, nikaketi kwenye kile kiti, nikafika 11. Utepe wa kupimia ulionyesha paja limeongezeka sentimita moja tu, na kiuno sentimita sita. Uzito ulikuwa umerudi, lakini sehemu kubwa ilikuwa mafuta, kwa kuwa baada ya hamu ya kula kurejea nilikuwa nakula kila kitu na kusahau daftari. Hili ndilo ninaloliogopa kwa wengine, kwa sababu hapo ndipo familia huacha kufuatilia. Mizani haijui tofauti ya paja na kitambi. Kiti kinajua. Tangu siku hiyo nyumbani kwangu hatuulizani kilo, tunaulizana kiti.

Tukarudi kwenye daftari, tukaongeza mfuko wa vitabu, tukaongeza ngazi.

Mwezi wa kumi na moja nilitembea tena kwenye ule ujia wenye alama. Sikuegemea ukuta. Mita 450. Kwenye kiti nilifika 14, ya mwisho nikiwa natetemeka lakini mgongo umenyooka. Yule dada akasimama mbele yangu na karatasi yake.

"Pumzi ngapi?"

Nilikuwa nahema kwelikweli. "Sita."

"Na miguu?"

Nilijisikiliza. Mapaja yalikuwa na joto tu, kama ya mtu aliyetoka kazini.

"Tatu."

Aliandika, kisha akanigeuzia karatasi nione zile namba za siku ya kwanza kando ya hizi. "Leo ndiyo nimelipima pafu lako, mwalimu," akasema. "Siku zote hizi nilikuwa napima miguu."

Mke wangu alikuwa kwenye benchi. Alinyanyuka akaja kunitazama usoni kama nimebadilika rangi, akaniona niko sawa, kisha akatangulia kuelekea ngazi. Mkoba alikuwa ameuacha juu ya benchi. Nikauchukua.